Wakala wa rufaa ya kodi ya majengo: hodari kwenye hoja, mzembe kwenye mkataba

Baada ya jaji wa utawala, yaani anayeamua mashauri kati ya raia na mamlaka za serikali, kutupilia mbali pingamizi langu dhidi ya thamani iliyopangiwa jengo langu, nilimwajiri wakala anayeshughulikia rufaa za aina hii. Shauri limekwisha, hivyo naweza kueleza huduma yake bila jazba.

Kikao cha kwanza ndicho kilichonifanya nimwamini. Nilifika na malalamiko tele kuhusu uzito wa kodi. Yeye akauliza kwanza uamuzi ulitolewa tarehe gani, akahesabu siku zilizobaki za kukata rufaa, kisha akafungua ukurasa wa tatu wa uamuzi huo na kupigia mstari kwa penseli sentensi moja tu. Jaji alikuwa amekubali eneo la sakafu lililoandikwa na mthamini, ambalo lilihesabu baraza iliyo wazi kana kwamba ni chumba, ilhali mchoro wangu wenye vipimo ulikuwa tayari miongoni mwa vielelezo. Hiyo, alisema, ni sababu ya rufaa. Ugumu wa kulipa si sababu, kwa kuwa kinachobishaniwa ni thamani, na kwa kawaida mzigo wa kuthibitisha kwamba imekosewa humwangukia mrufani, yaani anayekata rufaa. Takwimu za mauzo ya majengo yanayofanana na langu, nilizozikusanya kwa majuma kadhaa, alizikataa karibu zote, kwa kuwa mauzo hayo yalifanyika muda mrefu baada ya tarehe ya uthamini. Nilikasirika, nakiri, lakini alikuwa sahihi.

Alichunguza pia iwapo shauri lingesikilizwa upya au wajumbe wanaoamua rufaa wangepitia kumbukumbu zake pekee, maana kwa utaratibu huo wa pili ushahidi mpya huweza kukataliwa hata ukiwa mzuri kiasi gani. Notisi aliiwasilisha ndani ya muda, akanikabidhi nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.

Upungufu wake ulikuwa mahali pengine. Hakunitahadharisha kwamba rufaa inaweza kufungua mlango wa thamani kupandishwa. Jambo hilo nililisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa upande wa pili, siku ya usikilizwaji, nikiwa nimeketi na sina la kufanya. Mkataba nao ulisema ujira wake ni asilimia ya kodi itakayookolewa, ukakaa kimya kuhusu gharama ya ripoti ya mthamini binafsi, ambayo hatimaye niliilipa mimi.

Baraza iliondolewa kwenye hesabu na thamani ikashuka, ingawa hoja yetu nyingine, kwamba uchakavu wa jengo haukuzingatiwa, ilikataliwa. Kwa rufaa nyingine ningemrudia huyuhuyu, ila penseli ningeishika mimi kwanza, nianze na mkataba.