Kutungiwa Shairi Mwanjelwa: Mtunzi Hodari, Uchapaji Hafifu

Karibu na soko la Mwanjelwa jijini Mbeya lipo duka dogo la vifaa vya ofisini ambalo, mbali na kutoa fotokopi na kuchapa barua, hupokea oda za mashairi ya harusi, ubatizo na misiba. Tulilitumia katika sherehe ya kumuaga binti wa kaka yangu, na kwa shilingi 20,000 tulipata beti sita za tarbia, yaani za mistari minne kila mmoja, zilizowekwa kwenye fremu.

Kilichonivutia zaidi ni maswali ya mtunzi. Kabla ya kushika kalamu alitaka kujua binti alilelewa na nani, na ni kazi gani ya nyumbani itakayokosa mtu akishaondoka. Shangazi yake akataja kuni, kwa sababu Julai huku Uyole hakuna anayetoka kitandani kwa furaha kabla moto haujawaka, na jibu hilo tukalikuta katika ubeti wa kwanza:

Leo mwana waondoka, nyumba wamwachia nani?
Kuni nani atasaka, moto uwake jikoni?

Mizani, yaani hesabu ya silabi, ni nane kwa nane katika kila mstari, vina vimetimia, wala hakuna neno la kujazia nafasi. Ubeti wa nne haukufika hapo: una "asilani" mbili zilizoitwa kuokoa kina tu.

Ukumbini, wazee waliosoma enzi za ngonjera, utungo wa majibizano ambao mshairi Mathias Mnyampala aliueneza na ambao ulitumika sana kufafanua siasa ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, walidaka kibwagizo tangu ubeti wa pili. Vijana, ambao wengi wao wanaujua ushairi kama swali la mtihani wa kidato cha nne, walipanga foleni kulipiga picha shairi hilo kwa simu. Kwa maoni yangu hawa hawakuwahi kuuchukia ushairi. Walichoshwa na kutajishwa tamathali za semi za shairi ambalo hawakujua linamhusu nani.

Uchapaji ndio uliotuudhi. Karatasi ilikuwa nyembamba, jina la ukoo lilikosewa herufi ilhali tuliliandika wenyewe, na marekebisho tukatozwa shilingi 2,000 zaidi, jambo ambalo si haki hata kidogo. Mtunzi nitamrudia, fremu nitaipeleka kwa fundi mwingine.