Askari wa sentimita 10 na vikorombwezo 23: uzoefu wangu hapa Mwanza

Nianze na bei, maana kila niliyemwonyesha picha ameuliza hiyo kwanza. Mdoli mmoja umenifikia Mwanza kwa shilingi 96,000. Elfu 74 ni bei ya kulekule China, iliyobaki ni ya wakala wa Kariakoo aliyeuleta kwa ndege, pamoja na nauli ya kifurushi kwenye basi kutoka Dar. Mama nilimwambia elfu 15. Hata hiyo akashika kichwa.

Ninaozungumzia ni wale wanajeshi wa anga za mbali, wenye deraya na helmeti zisizoonyesha uso, wanaotengenezwa kwa skeli ya 1:18. Maana yake mtu wa sentimita 180 anakuwa wa sentimita 10. Ukubwa huo si mgeni: midoli ya filamu ya Star Wars ambayo kampuni ya Kenner ya Marekani iliitoa mwaka 1978 ilikuwa na sentimita 9 na nusu hivi. Waliifanya midogo makusudi, ili na vyombo vyao vya anga vitengenezeke kwa ukubwa ambao mzazi ataumudu. Ila ile ya zamani ilikuwa na viungo vitano tu: shingo, mabega na nyonga. Ukiikalisha, miguu inanyooka mbele kama fimbo. Huyu wangu nimemhesabia viungo 26. Anapiga goti, anageuza kiuno, analenga.

Lakini ukweli ni kwamba sikununua viungo. Nilinunua vikorombwezo. Ndani ya boksi kuna trei mbili za plastiki angavu, na nilivimwaga juu ya khanga kitandani ili visitumbukie popote. Bunduki kubwa yenye magazini inayochomoka, na magazini nyingine ya akiba. Bastola ndogo kama punje ya maharage. Kisu. Mabomu matatu ya mkono. Begi la mgongoni lenye antena yake pembeni. Mikoba minne ya kiunoni. Kichwa cha pili kisicho na helmeti, kina hadi kovu shavuni. Na viganja jozi nne: vya ngumi, vya kushika silaha, vilivyokunjuliwa, na vya kuelekeza kidole. Jumla 23. Rangi kwenye bunduki imekwaruzwa kiwandani kwa makusudi, ukiiangalia kwa karibu unaona kingo zimeng'aa kama panga lililotumika sana.

Kubadili viganja ndiko kunakowashinda wengi. Pini ya kifundo cha mkono, inapochomekwa kiganja, ni nyembamba kuliko kijiti cha meno. Siku ya kwanza nilijaribu kumsukumia bunduki mkononi akiwa mzima, kidole kikagoma kuingia kwenye kifyatulio, nikahangaika robo saa nzima. Njia yenyewe ni kung'oa kiganja kwanza, ukivishe bunduki pembeni, halafu kiganja na bunduki vyote virudi kwenye mkono kwa pamoja. Karatasi ya maelekezo haina hilo, ina michoro na mishale tu.

Kisu na antena vilifika vimepinda kama mkia wa mbwa. Usikasirike na usivirudishe. Hiyo ni plastiki laini ya PVC, inapinda ikibanwa na joto safarini. Mimi nilimimina maji kutoka kwenye chupa ya chai kwenye bakuli, nikazamisha antena kama nusu dakika, nikainyoosha kwa vidole, nikaitumbukiza haraka kwenye maji baridi. Imesimama hivyo hadi leo. Kiungo kikiwa kigumu dawa ni hiyohiyo, maji ya moto kwanza.

Hilo nililijua nimeshachelewa. Goti la kulia lilikuwa limeganda rangi, nikalilazimisha. Tak! Muuzaji nilimwandikia na picha, akajibu baada ya siku tisa akinitakia afya njema. Wakala naye alishalikanyaga boksi, au aliliwekea pasi za umeme juu yake, sijui, kona moja ilikuwa imebonyea ndani. Kwa mtu anayetunza na boksi, hiyo ni hasara nyingine.

Aliyeniokoa ni fundi saa mmoja pale Makoroboi. Nilimwekea ule mguu mezani, akavaa lenzi yake jichoni, akaugeuzageuza.

"Bosi, hii saa ya wapi?"

"Si saa fundi, ni goti."

Hakucheka. Alitoboa pande zote mbili kwa keekee ya mkono, akapitisha kipande cha waya mgumu, akakata kwa koleo. Elfu mbili. Goti hilo sasa ni zima kuliko la kushoto.

Kuhusu kutunza, Mwanza ina mambo yake. Jua letu la karibu na ikweta, na huku juu mita 1,100 na ushee, halina huruma na plastiki. Plastiki nyeupe ya ABS inageuka manjano ikipigwa na mwanga miaka nenda rudi, na PVC ikikaa kwenye joto bila hewa kilainishi chake hutoka nje, mdoli ukaanza kunata kama umepakwa asali. Kwa hiyo usiweke dirishani, na usifungie kwenye mfuko wa nailoni. Halafu kuna wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kama moshi juu ya maji. Usiku mmoja nilisahau taa ikiwaka, asubuhi nikamkuta askari amezikwa hadi magotini.

Nikaenda kwa fundi wa alumini Igoma, huyu anayetengeneza makabati ya chipsi, nikamwambia anitengenezee dogo la ngazi tatu, mlango wa kuteleza, mpira pembeni. Limetoka vizuri sana. Tatizo ni moja, kila mgeni akiingia sebuleni anauliza maandazi ni bei gani. Vikorombwezo visivyotumika nimeviweka kwenye kile kiboksi cha vyumba vyumba wanachowekea ndoano, kutoka duka la zana za uvuvi.

Raha yenyewe sasa ni picha. Wenzetu wa nchi nyingine wanajenga sayari za maboksi na rangi ya kupuliza, sisi mawe tumezaliwa nayo. Nilipanda na mpwa wangu mlima wa nyuma ya nyumba saa kumi na moja jioni, nikamsimamisha askari kwenye ufa wa jabali, simu nikailaza chini kabisa. Jiwe la ukubwa wa ndoo linakuwa mlima. Akaja mmoja wa wale mijusi wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, ambao wanasayansi wamewapa jina la mji wetu, Agama mwanzae. Akasimama nyuma ya askari akitikisa kichwa. Picha hiyo nisingeipata studio yoyote.

"Anko, anakuja! Anko!" Mpwa wangu akarusha kijiwe. Mjusi akakurupuka, askari akaanguka, bunduki ikachomoka kiganjani na kuteleza ndani ya ufa. Tumemulika kwa tochi ya simu, inaonekana, imelala kama urefu wa mkono chini. Waya haufiki, sumaku haishiki plastiki, na kijiti chenye ubani wa kutafuna kimeisukuma mbele zaidi.

Nitaagiza wa pili mwezi ujao, muuzaji huyohuyo, ila wakala mwingine. Na kama kuna mtu Mwanza hapa ana bunduki ya ziada ya skeli ya 1:18, nina mabomu matatu ya mkono na kichwa kimoja chenye kovu, tubadilishane.