The Gold Rush ya Criterion: diski ya kumtazama Mack Swain

Anayetaka kumjua Mack Swain, mchekeshaji wa filamu bubu aliyecheza pembeni ya Charlie Chaplin, aanze na diski ya The Gold Rush (filamu ya Chaplin juu ya wasaka dhahabu) iliyotolewa na kampuni ya Criterion mwaka 2012. Ndani yake mna filamu mbili zenye jina moja: ya mwaka 1925, kama dakika 88, na ile ya 1942, dakika 72, ambayo Chaplin aliikata upya, akaondoa maandishi ya kati ya picha na kuisimulia kwa sauti yake mwenyewe. Tazama ya 1925 kwanza. Katika ya 1942 msimulizi anatamka yale ambayo uso wa Swain umekwisha kuyasema, na mchekeshaji wa pembeni akinyang'anywa uso hubaki na tumbo tu.

Ushahidi ni mlo wa kiatu, pale wasaka dhahabu wawili, Chaplin na Swain, wenye njaa kibandani wanapopika kiatu (kilitengenezwa kwa peremende ya likorisi). Chaplin anakichambua, anajiwekea ngozi ya juu, soli yenye misumari anampa mwenzake. Swain anaziangalia sahani, kisha anazibadilisha. Basi. Hakuna macho kutoka wala mikono kurushwa, ingawa enzi za studio ya vichekesho ya Keystone, akiigiza mhusika wake Ambrose mwenye masharubu mazito, alikuwa akiyatumia yote hayo bila choyo. Chaplin akifyonza misumari kama mifupa ya kuku, kicheko kimeandaliwa na mtu wa pili.

Njaa inapompanda, Swain anamwona mwenzake amegeuka kuku. Hila hiyo ilifanyika ndani ya kamera: picha inafifishwa, filamu inarudishwa nyuma, kisha inapigwa tena Chaplin akiwa amevaa manyoya. Simamisha diski hapo uangalie mpito wenyewe. Kwenye nakala mbovu hauonekani vizuri.

Wawili hawa hawakuwa wageni. Walicheza pamoja Keystone mwaka 1914, na kazi za Swain zilipokauka Chaplin alimrudisha kwenye The Idle Class (1921), Pay Day (1922) na The Pilgrim (1923). Usitarajie nyongeza za diski zikueleze mengi juu ya hayo, zimejaa Chaplin. Hilo ndilo pungufu lake kubwa.

Picha ya 1925 inatokana na kazi ya kuiunga upya ya wahifadhi wa filamu za kale Kevin Brownlow na David Gill ya mwaka 1993, iliyoendelezwa baadaye. Kwa kuwa vipande vilitoka kwenye nakala tofauti, ukali wa picha hupanda na kushuka, na mikwaruzo michache imebaki. Si kasoro ya mashine yako. Muziki ni wa Chaplin, umepangwa upya na mwanamuziki Timothy Brock ili utoshe urefu wa 1925.

Diski za bei poa za filamu hii ziepuke. Nyingi zina muziki wa kubandika, kingo za picha zilizokatwa, na mwendo usiofaa: filamu iliyokusudiwa fremu (picha moja moja) 18 kwa sekunde ikichezwa kwa 24 inakimbia theluthi moja zaidi, na dakika 90 zinakuwa 67 na nusu. Kwa Swain hiyo ni hasara tupu, maana kichekesho chake kimo katika kuchelewa.

Kabla ya kulipa, kagua mashine: Blu-ray hii ni ya eneo A (Amerika na sehemu za Asia), na mashine iliyofungwa eneo B (Ulaya na Afrika) haitaicheza.