Uzoefu wangu na Research4Life maktabani Kigoma: mbona wengine wanaambiwa walipe?

Research4Life ni huduma inayovipa vyuo vya nchi kama yetu majarida ya kitaaluma mtandaoni. Swali linalorudi kila wiki kuihusu kwenye meza ya maktaba ya chuo hapa Kigoma ni hili: "Mnasema ni bure, mbona nimeambiwa nilipe dola 35?" Karibu kila mara aliyeuliza amepita njia isiyo yake. Ameandika kichwa cha makala kwenye Google, akaangukia tovuti ya mchapishaji, na huko hawamtambui. Aanzie portal.research4life.org, aingie kwa jina na nywila ya chuo, atafute humo humo, abofye kiungo cha humo humo. Makala ikifunguka, atazame anwani juu ya kivinjari. Akiona neno research4life katikati, yuko ndani. Akiona anwani ya mchapishaji peke yake, keshatoka, arudi mwanzo.

Chini ya paa hilo kuna makusanyo 5: Hinari ya afya (2002), AGORA ya kilimo na uvuvi (2003), OARE ya mazingira (2006), ARDI ya teknolojia (2009) na GOALI ya sheria (2018). Tanzania iko Kundi A, yaani la nchi zisizotozwa, kwa hiyo chuo hakilipi ada yoyote. Kwa chuo kisicho na fungu la kununua majarida, sijaona huduma inayoifikia hii. Ila kinachosajiliwa ni taasisi. Mwanafunzi hawezi kujisajili mwenyewe, nywila anaichukua kwa mkutubi. Tafadhali isirushwe kwenye magrupu ya WhatsApp. Akitokea mtu mmoja akapakua matoleo mazima kwa mkupuo kwa kutumia programu, mchapishaji anaweza kukifungia chuo chote, na watakaoumia ni wanaomalizia tasnifu.

Sasa utafutaji, ambako ndiko muda mwingi unapotea. Chukua mfano wa dagaa wetu. Ukiandika "dagaa" tu, utaletewa makala nyingi za Ziwa Victoria, na dagaa wa kule ni samaki mwingine kabisa, Rastrineobola argentea. Wa Tanganyika ni aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Halafu ziwa lina nchi nne, na jina hubadilika ukivuka maji: Burundi na Kongo wanasema ndagala, Zambia wanasema kapenta. Anayetafuta kwa jina la Kigoma pekee anaacha nje utafiti wa majirani zake wote. Mimi huwaandikia hivi kwenye kikaratasi:

(dagaa OR ndagala OR kapenta OR Stolothrissa OR Limnothrissa) AND "Lake Tanganyika"

OR (au) na AND (na) ziwe kwa herufi kubwa, mabano yafungwe, na jina la ziwa likae ndani ya alama za nukuu. Usiache sehemu ya mwisho, maana kapenta wako pia Ziwa Kariba, walikopelekwa kutoka ziwa hili, na utajaziwa makala za huko. Kwa migebuka, samaki mwingine wa ziwa hili, andika Lates stappersii, kisha uongeze OR "Luciolates stappersii", kwa sababu maandishi ya zamani yanatumia jina hilo la pili. Baada ya hapo chuja: chagua zenye matini kamili mtandaoni, ndipo upunguze miaka. Ukianza na miaka, unakata kazi za zamani za ziwa hili kabla hujaziona.

Tatizo jingine halihusiani na huduma yenyewe. Kompyuta kongwe za maktaba zikizimwa usiku, asubuhi saa yake inarudi nyuma miaka kadhaa. Kivinjari kinalinganisha tarehe hiyo na cheti cha usalama cha tovuti, kinaona haviendani, kinagoma kufungua na kuonya kwamba muunganisho si salama. Watu hulaumu mtandao. Rekebisha tarehe kwanza. Ikirudi tena kesho yake, betri ndogo ya duara kwenye ubao mama (bodi kuu ndani ya kompyuta), CR2032, imekwisha. Toa ya zamani, weka mpya, upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu. Hakikisha pia kivinjari kinaruhusu kuki (cookies), la sivyo utaingiza nywila na kurudishwa pale pale kwenye ukurasa wa kuingilia.

Si kila jarida liko wazi kwa kila nchi, kwani wachapishaji wengine huondoa nchi fulani kwenye orodha yao. Ukikwama, jaribu African Journals Online, tovuti ya majarida ya Afrika. Ikisiri husomwa bure na majarida mengi yako wazi moja kwa moja, hata yale madogo ya Afrika Mashariki ambayo huyakuti kwingine.

Kuhusu bando: makala ya kawaida ni MB 1 hadi 3, lakini za zamani zilizopigwa skani huwa nzito zaidi. Soma ikisiri kabla ya kupakua. Ukishapakua, badilisha jina la faili papo hapo, mwandishi, mwaka na neno moja la mada, kisha uliingize Zotero, programu ya kutunza marejeo. Mafaili yanakaa kwenye kompyuta yako na yanasomeka bila mtandao. Hifadhi yake ya bure ya mtandaoni ni MB 300 tu, kwa hiyo zima usawazishaji wa mafaili kwenye mipangilio na uache taarifa za marejeo peke yake zipande.