Uzoefu wangu: jukwaa la mijadala au kundi la simu kwa anayefuga nyuki kwa kupenda

Ninafuga nyuki kwa kupenda, si kwa biashara. Kazi inayonipa mshahara iko Dodoma mjini, na mizinga yangu iko kwa jamaa zangu Hombolo, karibu na mashamba ya zabibu, mahali ambapo bwawa huwapatia nyuki maji hata katika miezi ambayo ardhi yote imekauka. Kwa kuwa mtu wa aina yangu hana afisa nyuki wa kumwita kila jioni anapopata swali, sehemu kubwa ya ninayoyajua nimeyapata mtandaoni: upande mmoja kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook, upande mwingine kwenye majukwaa ya mijadala ya mtindo wa zamani, yale ambayo kila swali huwa na uzi wake, yaani mfululizo wa majibu yake, na kichwa chake. Nimetumia pande zote mbili kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo, na msimamo wangu ni kwamba jukwaa la mijadala ndilo linalofundisha, ingawa kundi la simu lina kazi moja au mbili ambazo jukwaa haliwezi kuzifanya hata kidogo.

Sababu ya kwanza iko kwenye nyuki wenyewe. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kila kitu kinachomhusu mfugaji hufuata msimu huo: alizeti inapochanua, majana, yaani watoto wa nyuki, yanapojaa kwenye masega, asali inapoiva, na kiangazi kinapokaza hadi makundi mengine ya nyuki kuhama. Kwa hiyo maswali hurudi kila mwaka kwa wakati uleule. Kwa nini mzinga mpya hauingii nyuki? Kwa nini kundi limehama ilhali asali ilikuwepo? Je, sega hili liko tayari kurinwa? Kwenye kundi la simu kila swali hujibiwa upya, na mara nyingi hujibiwa vibaya zaidi kuliko mwaka uliopita, kwa sababu aliyelijibu vizuri wakati ule amechoka kurudia. Jibu lake lipo, lakini limefukiwa chini ya salamu za asubuhi, picha za sherehe na matangazo ya mashine za kukamulia alizeti, na anayejiunga leo kwa kawaida haoni yaliyoandikwa kabla hajaingia. Tangu mwaka 2022 kundi moja la WhatsApp linaweza kubeba hadi watu 1,024. Wingi huo unafaa kwa tangazo, ila kwa mjadala wa jambo linalohitaji utulivu umekuwa mzigo.

Kwenye Facebook tatizo ni la namna nyingine. Mpangilio wa mtandao ule hupandisha juu kinachopendwa na wengi, na kinachopendwa na wengi kwa wafuga nyuki ni picha ya ndoo iliyojaa asali. Mtu akiweka ndoo, pongezi humiminika. Mtu akiweka sega lenye majana yaliyotawanyika ovyo na kuuliza kama malkia wake amezeeka, swali hukaa kimya hadi linazama. Simlaumu yeyote kwa kuipenda picha ya asali, kwani hata mimi ninaipenda, lakini mfugaji mpya anayejifunza humo huondoka akijua mwisho wa kazi bila kuijua kazi yenyewe.

Nieleze kisa kimoja kwa urefu kidogo, maana ndicho kilichonifanya niegemee upande wa majukwaa. Msimu mmoja, mvua zikiwa zimekolea, nilifungua mzinga na kukuta masega ya pembeni yameloa ute, asali imechacha na inatoa harufu kama ya machungwa yaliyooza, na mabuu meupe yakijipinda ndani yake. Nilipiga picha, nikaituma kwenye kundi la simu ambalo lina wafugaji wengi wa Dodoma na Singida. Majibu yalikuja haraka sana. Wengi walisema ni nondo wa nta. Mmoja aliniambia nimwagie mafuta ya taa chini ya mzinga, mwingine akasema ana dawa na nimfuate pembeni, wengine wakanipa pole. Baada ya muda mfupi mtu mwingine akaweka tangazo la viwanja vya Ihumwa, na mazungumzo yakahamia huko.

Picha hiyohiyo niliiweka kwenye jukwaa la wafuga nyuki linaloandikwa kwa Kiingereza, na sikujibiwa hadi kesho yake. Jibu lenyewe halikuwa jibu bali maswali. Je, kuna utando kama wa buibui kwenye masega? Ukilishika buu moja na kulitazama ubavuni, miguu iko wapi? Je, mgongoni lina vimiba vidogo? Ardhi iliyo chini ya mzinga ni ya kichanga au ni ngumu? Nilirudi Hombolo, nikatazama nilivyoelekezwa, na majibu yote yakaonekana kwa macho: hakukuwa na utando, miguu ilikuwa jozi tatu tu karibu na kichwa, vimiba vilikuwepo, na ardhi ilikuwa kichanga chenye unyevu. Buu la nondo huwa na miguu mingine mifupi kwenye tumbo, na hupita likiacha utando. Haya ya kwangu yalikuwa mabuu ya mbawakawa wadogo wa mizinga, ambao wataalamu huwaita Aethina tumida, na tiba yake ni tofauti. Niliondoa masega yaliyoharibika, nikapunguza nafasi ndani ya mzinga ili nyuki waliopo waweze kuyafunika masega yote, kisha nikauhamishia mzinga penye jua na ardhi ngumu, kwa kuwa mabuu hayo hushuka ardhini kukamilisha kukua na hayafanikiwi penye udongo mkavu uliokaza. Nyuki wa mzinga ule hawakuhama.

Jambo linalonigusa hapa ni kwamba mdudu huyo ni wa kwetu. Asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, na nyuki wetu wanamjua, kiasi kwamba kundi lenye nguvu humdhibiti bila msaada wa mtu. Alipotambuliwa Florida nchini Marekani mwaka 1998, wafugaji wa huko, ambao nyuki wao wana asili ya Ulaya na hawakuwahi kukutana naye, walipata hasara kubwa na wakaanza kuandika kila walichokiona. Maandishi hayo bado yapo kwenye majukwaa, yana tarehe, yana picha, yana watu waliopingana na kusahihishana, na mtu wa Hombolo anaweza kuyasoma leo kana kwamba yaliandikwa jana. Sisi tuliokaa na mdudu huyu tangu enzi za mababu hatuna uzi hata mmoja wa Kiswahili ninaoweza kumwelekeza mwenzangu. Hilo linaniuma.

Lakini asidhani msomaji kwamba jukwaa la kigeni ni la kumezwa zima zima. Wengi wanaoandika humo wanafuga nyuki wa Ulaya katika nchi za baridi, na nusu ya mashauri yao yanahusu namna ya kuwavusha nyuki kipindi cha theluji. Nyuki wetu, Apis mellifera scutellata, ni mdogo zaidi, ni mkali zaidi, na huhama kwa urahisi panapokosekana maji au maua. Mfano mzuri ni karatasi za nta zenye alama za vyumba vya sega, zinazowekwa kwenye fremu za mzinga wa sanduku uitwao Langstroth. Zile zinazouzwa kwa wafugaji wa nyuki wa Ulaya huwa na vyumba vya upana wa takriban milimita 5.4, ilhali nyuki wetu akiachwa ajenge mwenyewe hujenga chini kidogo ya milimita 5. Kwenye uzi mmoja mrefu kuhusu jambo hilo, mfugaji wa Afrika Kusini aliwaeleza wenzake kwa upole kwamba nyuki wake hujenga masega yaliyopotoka wakipewa karatasi hizo, na akaambatanisha picha. Maelezo yake yapo palepale hadi leo, na ndiyo yaliyoniokolea fedha. Unaposoma jukwaa la aina hii, kitu cha kwanza cha kutafuta ni mwandishi anafugia wapi. Kama wasifu wake hautaji nchi, mimi huliruka jibu lake.

Pia ni lazima niseme kwamba kumbukumbu ya jukwaa si ya milele. Katikati ya mwaka 2017, kampuni ya kuhifadhi picha ya Photobucket ilisitisha huduma ya bure ya kuonyesha picha kwenye tovuti nyingine na kudai dola 399.99 kwa mwaka. Nyuzi nyingi za wapenda magari ya zamani, bustani, saa na nyuki zikabaki na maneno matupu yasemayo "tazama picha hii" pasipo picha. Yahoo Groups, iliyobeba mijadala ya watu wa kila aina tangu mwaka 2001, ilifungwa kabisa Desemba 2020. Hapa nyumbani JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006 na ambayo ndiyo iliyowazoesha Watanzania neno uzi, ilisimama kwa muda Juni 2018 zilipoanza kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni. Kwa sababu hiyo, uzi ninaouthamini huwa ninauhifadhi kwenye kompyuta yangu pamoja na picha zake. Hatua hiyo ni rahisi kwa uzi, kwa sababu uko ukurasa mmoja, na ni ngumu mno kwa mazungumzo ya kundi la simu yaliyochanganyika na mengine mia.

Sasa nitende haki kwa kundi la simu. Mashamba ya zabibu ya Hombolo hupuliziwa dawa, na dawa ikipulizwa asubuhi nyuki wakiwa nje, mfugaji hukuta maiti zimetapakaa mbele ya mzinga. Katika kundi letu wamo wakulima wa zabibu, na wapo wanaoandika mapema siku watakayopuliza, wengine wakikubali kusubiri hadi jua linapozama. Jukwaa lenye wasomaji wa Florida na Pretoria halina msaada wowote hapo. Vivyo hivyo kundi la nyuki linapotua kwenye mti wa shule Nzuguni na walimu wakataka kulichoma, ujumbe mmoja kwenye simu humfikisha mfugaji pale kabla kiberiti hakijawashwa. Kwa mambo haya mawili tu, sitatoka kwenye kundi hilo.

Liko na la tatu, ambalo watu wanaosifia majukwaa hulisahau. Wajuzi wetu wakubwa hawaandiki. Katika kundi letu yumo mzee mmoja Mgogo aliyerina asali kwenye mizinga ya magogo tangu ujana wake, na mzee huyo hatumi maandishi kamwe, hutuma sauti. Nilipomuuliza kwa nini nyuki wangu hunifukuza kila nikifungua mzinga, baada ya kumwamkia shikamoo alinijibu kwa sauti iliyochukua dakika kadhaa: "Marahaba, mwanangu. Wewe unakwenda saa ngapi? Usiwaendee mchana jua likiwa kali. Subiri jua liinamie, upepo utulie, moshi uutangulize kidogo mlangoni, halafu usimame pembeni, usisimame kwenye njia yao." Ni maelezo yaliyonyooka kuliko mengi niliyoyasoma, na kama pasingekuwa na kitufe cha kurekodi sauti nisingeyapata. Ila sauti hiyo haitafutiki. Mwenye swali kama langu mwakani hataikuta.

Kwa hiyo ninachofanya siku hizi ni kumwomba mzee ruhusa, kuiandika sauti yake neno kwa neno, na kuiweka kama uzi wa Kiswahili kwenye jukwaa, nikitaja wilaya, mwezi, aina ya mzinga na miti iliyokuwa ikichanua wakati huo. Picha huzipakia kwenye jukwaa lenyewe, sizitoi kwenye tovuti nyingine. Kichwa cha habari hukiandika kama swali ambalo mtu angeliuliza, kwa mfano "Kundi limehama kiangazi ilhali asali ipo, sababu ni nini?", kwa kuwa anayetafuta huandika swali lake jinsi linavyomjia. Kisha ninakipeleka kiungo kwenye kundi la simu kila swali hilo linapoibuka tena. Gharama ya bando ni ndogo, kwani ukurasa wa maandishi na picha chache ni mwepesi kuliko video moja fupi. Wafugaji wa Manyoni na Mpwapwa wameanza kuchangia kwenye nyuzi hizo, na mmoja wao amempinga mzee kuhusu moshi, kwa hoja na kwa heshima. Nimemsomea mzee hoja hizo kwa simu, na jibu lake ndilo ninaloliandika wiki hii.