Kamera au rangi ya maji: kunasa mtaa bahari inapoingia

Kwa anayetaka kuonyesha watu wanavyoishi na maji ya bahari mlangoni, kamera iliyotegwa mahali pamoja hushinda kwenye jambo moja: muda. Ifunge kwenye stendi, ipige picha moja kila dakika. Pale ambapo maji hujaa mara mbili kwa siku, tangu kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache, yaani picha 370 hivi. Chagua siku za bamvua, maji yanapojaa kupita siku nyingine. Saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kujaa usiondoke, kwa maana ndipo karibu nusu ya maji yote huingia, na ndipo watu huinua bidhaa, huvua viatu, hubadili njia. Adui ni chumvi: lenzi ikifutwa kavu, chembe zake huikwaruza, kwa hiyo lowesha kitambaa kwa maji yasiyo na chumvi.

Rangi ya maji inataka subira zaidi. Unyevu huchelewesha kukauka, na tabaka la pili likiwahi, rangi huchafuana. Karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba haijikunji ovyo. Lakini brashi hulazimisha jicho kukaa kwenye ukuta unaoguswa na maji, na hilo nalithamini sana. Mchoraji Canaletto alichora mstari wa mwani kwenye kuta za Venice, mji wa Italia, karne ya 18 kwa uaminifu kiasi kwamba wanasayansi wameutumia kukadiria maji yalivyopanda tangu hapo. Kwa hiyo kabla ya kupaka chochote, weka alama ya kina cha maji kwa penseli na uandike saa pembeni.