Lubumbashi–Kinshasa kwa ndege: uzoefu wangu

Ukiiuliza simu umbali wa Lubumbashi mpaka Kinshasa kwa ndege, inakujibu kilomita karibu 1,550, mwendo wa saa mbili na kitu. Hesabu ni sahihi, ila inahesabu ndege tu, abiria hayumo.

Angani sina malalamiko. Tulipanda jeti iliyokwenda moja kwa moja. Jeti ikishatulia juu hukimbia kilomita 800 na zaidi kwa saa, na kweli tangu kuruka Luano, uwanja wa Lubumbashi, mpaka kugusa N'djili, uwanja wa Kinshasa, hatukuzidisha sana saa mbili. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,000, na mvua zikianza, matope ndiyo yanayopanga utafika lini. Baba mkubwa wangu bado anaisifu safari ya zamani, treni mpaka Ilebo kisha boti kwenye mto Kasai. Sawa, lakini yeye hakuwa na mtu anayemsubiri ofisini kesho yake.

Linalowachanganya wengi ni saa. Tiketi yangu iliandikwa kuondoka saa nne asubuhi, kufika saa tano na robo. Jirani yangu kwenye kiti alishangilia kwamba tungefika upesi hivyo! Kumbe Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja nzima, ingawa nchi ni ile ile, na kila saa kwenye tiketi ni ya uwanja husika. Safari yenyewe ni saa mbili na robo.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Siku hiyo tuliondoka mchana, na kampuni haikutupa maelezo wala maji. Kabla ya hapo kuna kulipia Go-Pass (kodi ya uwanja wa ndege), foleni za ukaguzi, na kupima mizigo. Unga na samaki wakavu ni vizito, nanyi mnawajua ndugu wa Kinshasa wanavyoagiza wakisikia unatoka Katanga, upande wetu wa Lubumbashi. Ukishatua, kuna bulevadi Lumumba: N'djili mpaka Gombe, katikati ya jiji, ni kilomita ishirini na kitu tu, lakini jioni foleni ya magari inaweza kukula muda kama wa ndege yenyewe.

Kabla hujalipa, uliza mambo mawili. Je, ndege inapitia miji ya njiani, Mbuji-Mayi au Kananga? Ikitua huko, safari inaongezeka saa nzima au zaidi. Na je, ni jeti au ya mapanga, yaani ya propela? Ya mapanga huenda kama kilomita 500 kwa saa, kwa hiyo jihesabie saa tatu na zaidi. Mimi ningeongeza pesa nipande ya moja kwa moja, bila kusita.

Wakati wa kurudi, ile saa moja unailipa: ukiondoka Kinshasa saa nane mchana, unatua Luano saa kumi na moja na robo. Ikichelewa kidogo tu, giza limeingia, kwa hiyo panga mapema na mtu wa kukupokea.